Koti la Bluu la Swali la Tatu

Kuna kitu ambacho kila mtu anacho, na ukimuuliza atakuapia kwamba hana. Umeshindwa? Ni wivu. Asubuhi ile Mama Pingamizi alikuwa nao tele. Aliubeba pamoja na faili lake la kahawia mpaka chumba namba nne cha Kitivo cha Sheria, akaketi, akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamsubiri mshitakiwa.

Jina hilo walimpa wanafunzi. Miaka kumi na tisa alikuwa wakili wa kesi za jinai, akitetea wezi wa kweli na wezi wa kusingiziwa, na alipokuwa akiinuka na kusema, "Pingamizi, mheshimiwa!" hata askari aliyesinzia mlangoni alikuwa akishtuka na kupiga saluti. Sasa ulikuwa mwaka wake wa sita akifundisha sheria ya jinai chuoni. Saa mbili asubuhi Mkuu wa Kitivo alikuwa amemwita.

"Mtihani wako umevuja," Mkuu alimwambia. "Swali la tatu. Binti mmoja kakutwa chumba cha mtihani na kisa chako kizima ndani ya kipochi cha kalamu. Kamati inakaa saa nane mchana, na kwa jinsi mambo yalivyo tutamfukuza leo leo. Lakini aliyempa naye nataka aondoke. Nitafutie."

"Mtihani ni wangu mwenyewe. Si angechunguza mtu mwingine?"

"Mwingine nani? Sisi wote hapa ni watu wa vitabu, hakuna aliyewahi kumhoji hata kuku. Nenda, Mama."

Wahenga walisema mganga hajigangi, ila asubuhi ile wahenga hawakualikwa.

Binti aliingia. Chuo kizima kilimwita Mkono-Juu, kwa sababu tangu siku ya kwanza darasani mkono wake haukujua kushuka. Aliyembatiza jina hilo ni Mama Pingamizi, na alimbatiza kwa mapenzi. Miaka miwili binti alikuwa wake: alimbebea vitabu, alimngojea baada ya somo, alimuuliza maswali mpaka getini. Kisha miezi mitatu iliyopita akahamisha utafiti wake kwa Daktari, bila hata kuja kuaga.

Na huyo Daktari ndiye mwiba wenyewe. Kijana aliyeanza kazi katika ofisi ya Mama Pingamizi, akafundishwa naye namna ya kushika faili lisimwagike mbele ya hakimu, akaenda zake kusoma, akarudi na shahada ya juu kuliko ya aliyemfundisha. Mwezi uliopita walimpa ukuu wa idara ya sheria ya jinai. Benchi lililo nje ya mlango wake lilikuwa halipoi kwa wanafunzi. Benchi la nje ya mlango wa Mama Pingamizi, mfagizi aliliwekea ndoo.

Mama Pingamizi akasukuma karatasi iliyokunjwa mara nne mpaka mbele ya binti.

"Mwandiko huu ni wako?"

"Shikamoo, Mama. Ndiyo, ni wangu."

"Marahaba. Uliandika kabla ya mtihani?"

"Ndiyo, kama juma moja hivi, lakini—"

"Ndiyo inatosha. Utafiti wako unasimamiwa na Daktari?"

"Ndiyo."

"Daktari ndiye aliyeupitia mtihani huu kabla haujachapwa. Ulijua?"

"Hapana, sikujua."

"Jumatano ya juma lilelile uliingia ofisini kwake, ukatoka baada ya saa nzima. Kweli au si kweli?"

Binti akainua uso. "Mama, kumbe unanihesabia?"

"Hapa nauliza mimi. Kweli au si kweli?"

"Kweli."

"Mlango ulikuwa umefungwa?"

"Kulikuwa na upepo, karatasi zilikuwa zinaruka."

"Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo."

"Ni yeye aliyekupa kisa hiki?"

"Hapana! Haki ya Mungu, hapana! Mama, nisikilize, hicho kisa mimi—"

"Hapana inatosha."

Hivyo ndivyo mawakili wanavyohoji. Kanuni yao ya kwanza, wanayoinyonya kama mtoto anavyonyonya ziwa, ni hii: usimuulize shahidi swali ambalo wewe mwenyewe hulijui jibu lake. Mpe shahidi nafasi ya ndiyo na hapana tu, maana ukimfungulia mlango, hujui atatoka na nini. Kwa kanuni hiyo Mama Pingamizi alikuwa ameshinda kesi zaidi ya mia mbili.

Mkono-Juu akaanza kulia, kilio cha chini kwa chini. "Mama yangu ameshawatangazia majirani wote kwamba ana mwanasheria ndani ya nyumba. Watu wanampelekea barua za serikali awasomee, eti amezaa wakili. Nikirudi leo na begi langu, nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli," Mama Pingamizi alisema, akafunga faili. Sauti yake ilitoka kavu kuliko alivyokusudia.

Njiani kwenda masjala akafanya kile ambacho mpelelezi mzuri hufanya: akaziweka karatasi mbili pamoja na kuzisoma kama hajawahi kuziona. Ya binti ilisema hivi. Mtu alipeleka koti lake la bluu kwa fundi cherehani. Fundi akamzungusha majuma matatu, njoo kesho, njoo kesho kutwa. Siku ya siku mtu akaja, fundi hayupo. Akavunja kufuli, akalichukua koti, akaenda zake. Kufika nyumbani, kulivaa, mikono imepita vidole: koti si lake, ni la mteja mwingine. Je, ameiba?

Swali la tatu lililochapwa lilikuwa kisa hichohicho, kufuli lilelile, majuma yaleyale matatu. Ila lilikuwa na fundi saa, na kilichochukuliwa kilikuwa saa ya mkononi.

Mama Pingamizi akasimama katikati ya ukumbi kama mtu aliyeokota pete ya dhahabu. Koti! Alikumbuka vizuri kwamba koti lilikuja kwanza na saa ikaja baadaye. Basi kisa cha binti hakikutoka kwenye mtihani uliochapwa. Kilitoka kwenye rasimu ya mwanzo. Na rasimu ile ilisomwa na watu wawili tu duniani: aliyeitunga na aliyeipitia. Miguu yake ikawa myepesi ghafla. Alizipanda ngazi za masjala mbilimbili, na goti lake bovu halikulalamika hata mara moja.

Karani wa mitihani, mzee mwembamba waliyemwita Bwana Muhuri, alikuwa anakata kucha juu ya gazeti.

"Nataka rasimu ya mtihani wangu," alisema Mama Pingamizi. "Ile aliyoipitia Daktari."

Bwana Muhuri akakunja gazeti na kucha zake, akafungua kabati la chuma kwa funguo mbili, akatoa bahasha. "Uliileta Jumanne, saa nne na dakika kumi. Tazama muhuri. Daktari akaja Alhamisi, akaketi kwenye kiti hicho hapo. Dakika arubaini. Simu yake niliishika mimi, hata begi lake aliliacha mlangoni. Nilimtazama mpaka akaniuliza kama namdai."

Mama Pingamizi akaichomoa rasimu. Ilikuwa ya mkono wake mwenyewe, wino mweusi, mistari imeinama kulia kama kawaida yake. Akaliona swali la tatu. Fundi saa. Saa ya mkononi.

"Koti liko wapi?"

"Koti gani?"

"Koti la bluu!"

"Mama, hapa ni masjala," alisema Bwana Muhuri. "Kwa dobi ni mtaa wa pili."

"Lazima kuna rasimu nyingine. Kabla ya hii."

"Haipo. Hakuna karatasi inayoingia chumba hiki bila kugongwa, na ikishagongwa haitoki. Kama kulikuwa na koti, halikufika hapa."

Pembeni mwa swali la tatu palikuwa na mwandiko mdogo wa wino wa kijani. Mama Pingamizi akausogeza kwenye mwanga, akitumaini kukuta kosa. Daktari alikuwa ameandika: *Kisa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutunga mimi. Kisiguswe.*

Akairudisha rasimu bahashani. Goti lake likakumbuka kuuma.

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Lakini wivu ni kama mwanambuzi mwenye njaa, ukiufukuza mlangoni unarudi kwa dirisha. Mama Pingamizi akajiambia kwamba pengine Daktari alikuwa ameiona rasimu mahali pengine, mezani kwake, begini mwake, Mungu ndiye ajuaye. Saa saba kasoro robo alikuwa mbele ya mlango wa Daktari. Wanafunzi watano waliokuwa benchini wakainuka wote kumwamkia, na hilo nalo likamuudhi.

Ndani kulikuwa na birika la chai, vikombe sita visivyofanana, na viti vya kutosha msiba.

"Karibu, Mama. Keti. Nikumiminie chai?"

"Sikuja kunywa. Umewahi kukiona kisa cha swali la tatu mahali popote nje ya masjala?"

"Hapana."

"Umewahi kumpa Mkono-Juu karatasi yoyote inayohusu mtihani?"

"Hapana."

"Alipokuja Jumatano mlizungumza nini saa nzima?"

Hilo halikuwa swali la kanuni, lilimponyoka. Daktari akaweka kikombe chini.

"Alikuwa analia. Alitaka kurudi kwako, lakini anakuogopa. Anasema alipohamia kwangu uliacha kumwona darasani hata akinyoosha mkono. Nikamwambia akuombe radhi. Akasema atakuja baada ya mtihani."

Mama Pingamizi akatazama birika. Lilikuwa linavuja mdomoni, tone, tone.

"Mama," Daktari alisema, "umemuuliza alikipata wapi hicho kisa?"

"Nimemuuliza kama ulimpa wewe."

"Na aliposema siyo?"

Mama Pingamizi akaivua miwani, akaifuta.

"Wewe ndiye uliyenifundisha nisiulize swali nisilolijua jibu. Nimeishika kanuni hiyo mpaka leo. Lakini mahakamani, Mama, jibu unalo tayari kwenye faili. Hapa faili ni tupu. Usipouliza usichokijua, utakijuaje?"

"Sasa unanifundisha kazi?"

"Sikufundishi. Nakuomba. Saa nane yule mtoto anafukuzwa."

Mama Pingamizi alitoka bila kuaga. Alimkuta Mkono-Juu ameketi kwenye ngazi za nje, begi lake miguuni, limeshajazwa na zipu imegoma kufunga. Mama Pingamizi akaketi kando yake. Swali alilouliza lilikuwa la maneno manne, na lilimtoka kwa shida kama jino.

"Kisa hicho ulikipata wapi?"

Binti akamtazama kuona kama ni mtego. "Kwa fundi wa majoho, Mama. Yule anayecheka mpaka cherehani inatikisika. Tulikwenda darasa zima kupimwa majoho ya mahakama ya mazoezi. Yeye hakupimi mpaka akutegee kitendawili. Alisema, 'Kitendawili!' tukasema, 'Tega!' akatutegea hicho cha koti. Sote tulishindwa. Wenzangu wakacheka wakaondoka. Mimi kiliniwasha, nikakiandika ili nikitafutie jibu kwenye vitabu. Nikakisahau kwenye kipochi."

"Mbona hukusema?"

"Nilimwambia msimamizi wa mtihani siku ileile kwamba ni kitendawili, akanicheka. Na wewe, Mama, hukuniuliza."

Mama Pingamizi akainuka. Fundi anayecheka mpaka cherehani inatikisika alikuwa mmoja tu mjini, naye ni dada wa mumewe.

Duka la wifi yake lilikuwa umbali wa dakika sita kwa mwendo wa kawaida. Alitumia nne.

"Wifi!" Fundi alipaza sauti, pini tatu zikiwa kinywani. "Umekuja na ile sketi?"

"Nimekuja kuutafuta mdomo wako."

"Mdomo wangu uko hapa, haujahama. Umefanya nini tena?"

"Kisa cha koti la bluu. Umekitega kwa nani?"

Wifi akatoa pini, akacheka mpaka meza ikacheza. "Kwa nani sijamtegea! Wanafunzi wote waliokuja kwa majoho. Ishirini na ushei. Na muuza vifungo. Na yule padri. Hakuna aliyekitegua! Utamu wake ni kwamba koti analichukua akidhani ni lake, sasa unamfungaje? Ila kufuli nalo je?"

"Nilikuambia mimi kile kisa, wifi."

"Uliniambia wewe, ndiyo. Jumapili, ukiwa umesimama hapo juu ya kigoda, nakupindia sketi. Si kawaida yako?"

Na kweli ilikuwa kawaida yake. Miaka kumi na tisa, kabla ya kila kesi, Mama Pingamizi alikuja dukani hapa akamsimulia wifi yake kisa chote bila majina. Mahakimu wamesoma sheria, alikuwa akisema, lakini wifi yangu amesoma watu. Wifi akisema, "Huyo wako mwongo," Mama Pingamizi alikuwa anarudi nyumbani na kuupanga utetezi upya. Alipohamia chuoni mazoea hayakubaki nyuma. Kila swali la mtihani lilipitia kwenye masikio haya kwanza.

"Tena nilikugombeza," wifi akaendelea. "Nikakuambia kila kisa chako mzembe ni fundi cherehani, sisi tumekukosea nini? Ukasema basi, utamweka fundi saa."

Jumapili koti. Jumatatu akaandika, ameshaweka saa. Jumanne akapeleka. Koti halikupata kuwa karatasini. Lilikaa kichwani mwake na mdomoni mwake, na mdomo ndio ulioliangusha.

"Nilikuambia kwamba ni mtihani?"

"Hukuniambia! Ulisema tu, 'Wifi, nisikilizie hiki.' Ningejua ni mtihani ningekimeza." Kicheko kikamwisha fundi alipoutazama uso wa mwenzake. "Kuna nini?"

Mama Pingamizi akamweleza: binti, kipochi, kamati, saa nane.

Wifi akaviringisha uzi kidoleni. Halafu akasema taratibu, "Nani mwingine anajua kwamba kilitoka kwako?"

"Mimi na wewe."

"Basi mimi nimeshasahau. Hivi si kuna yule kijana wako, aliyekalia kiti ulichostahili wewe? Naye aliuona mtihani. Kamati ikimshuku yeye, wewe umesema uongo gani? Unakaa kimya tu. Kimya si kosa."

Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa nane kasoro dakika kumi na mbili. Mama Pingamizi aliitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma saa. Maneno ya wifi yalikuwa yameingia yakakaa, yakapata hata mto wa kuegemea.

"Wifi," alisema mwishowe, "hicho nacho ni kitendawili, na jibu lake nalijua. Tuonane Jumapili."

Kamati ilikuwa na watu watano nyuma ya meza ndefu. Mkono-Juu alisimama upande mmoja, Daktari akiwa nyuma yake kama msimamizi wa utafiti wake. Mkuu wa Kitivo akaangalia saa.

"Umechelewa dakika tatu, Mama. Una jina?"

"Ninalo."

Wote wakainua kalamu. Mama Pingamizi akamtazama Daktari. Alikuwa ametulia kabisa, na utulivu ule nusura umbadilishie nia.

"Aliyeuvujisha mtihani ni mimi."

Mjumbe mmoja akacheka. Alipoona kwamba Mama Pingamizi hacheki, akaacha. Akawaeleza yote, siku kwa siku, kuanzia kigoda cha fundi mpaka kipochi cha kalamu: kwamba darasa zima lilikisikia kisa, kwamba aliyekiandika ni mmoja kwa sababu ndiye pekee aliyetaka kujua jibu, na kwamba msimamizi wa mtihani aliambiwa ukweli siku ya kwanza akaucheka. "Wifi yangu mnaweza kumwita," alimalizia. "Ila msimwachie nafasi, atawategea."

Wakawatoa nje ili washauriane. Binti wakambakiza kwa maswali. Mama Pingamizi na Daktari wakaketi ukumbini, kiti kimoja kitupu katikati yao.

"Ulitaka niwe mimi," Daktari alisema.

"Nilitaka mpaka meno yakaniuma."

"Na sasa?"

"Bado nataka. Bahati mbaya hukufanya."

Daktari akacheka. Yeye hakucheka.

Baada ya robo saa Bwana Muhuri akatoka na karatasi mbichi, akaisoma kwa sauti ya masjala. Mwanafunzi hana hatia, aendelee na masomo. Swali la tatu limefutwa kwa darasa zima; jipya litatungwa na Mkuu wa Idara, Daktari. Mtunzi wa awali asitunge mtihani wowote kwa miaka miwili. Akakunja karatasi, akamwangalia Mama Pingamizi kwa huruma, akasema, "Pole, Mama. Nitaukosa ule wino mweusi," kisha akarudi kwenye kabati lake.

Mkono-Juu akatoka mbio. Alimshika Daktari mikono yote miwili, akamtikisa. Akamgeukia Mama Pingamizi, akafungua kinywa, machozi yakamzuia. Akapiga goti nusu, akainuka, akatoa simu. Alikuwa ameshafika mwisho wa ukumbi walipoisikia sauti yake ikivunjika: "Mama? Mama, kawaambie majirani walete hizo barua zao. Nitakuja Ijumaa kuwasomea mwenyewe."

Daktari akavuta pumzi, akasogea karibu, akafungua mdomo.

"Usinifariji," Mama Pingamizi alisema. "Ukinifariji nitaanza kukuchukia upya, na leo nimechoka."